Pini kuingia sio sababu: nilivyopanga kuchaji betri za lithiamu nyumbani

Hakuna kitu kimenichosha kama ushauri wa betri. Kila mtu ana wake. Huyu anakwambia betri mpya ichajiwe masaa nane hata kama taa imeshakuwa kijani, yule anakwambia iache iishe kabisa mpaka ijizime ndo uchaji. Hayo ni mambo ya betri za zamani za nikeli, za lithiamu hazina habari hizo, na kuzimaliza mpaka tone la mwisho ndo kunaziua haraka. Ila kiboko yao ni shemeji yangu, namheshimu sana lakini hapa hapana, aliweka pawabanki kwenye friza usiku kucha eti ifufuke, asubuhi akaitoa ina barafu juu akataka kuichomeka hapohapo. Nilimpokonya waya mkononi. Ukiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 lithiamu haiingii inapotakiwa kuingia, inaganda juujuu ndani ya seli (vile vibetri vidogo vinavyounda betri) ikawa chuma, kwa nje huoni kitu, halafu siku nyingine kabisa ndo inapiga shoti ndani kwa ndani na wewe hata friza umeshaisahau.

Kwangu kuna simu, laptop, drili, pawabanki na baiskeli ya umeme, na baiskeli ndo iliyonikalisha chini nikafuatilia haya mambo. Betri yake imeandikwa 36V 10Ah, zidisha unapata 360, yaani wati-saa 360, kipimo cha umeme unaobebwa ndani. Simu ya kawaida iko kwenye 15 hivi. Kwa hiyo ni zaidi ya simu 20 zimefungwa kwenye boksi moja halafu mtu anaiegesha hapo mlangoni, kwenye korido, juu ya kapeti, anachaji huku amelala. Ikishika moto hapo mlangoni utatokea wapi?

Sasa stori ya chaja. Ile iliyokuja na baiskeli ilikufa, nikaenda kwa fundi mmoja akanitolea nyingine, pini ileile, umbo lilelile, stika imefutika nusu. Nikamuuliza hii ni ya volti ngapi. Akaniambia "Dada, si inaingia? Ikiingia imekubali." Nikamwambia nataka kupima kwanza. Akacheka, akasema betri ina BMS ndani, ikizidi itakata yenyewe.

Hapo kwenye BMS nisimame kidogo maana ndo kichaka cha wengi. Ni kweli betri nyingi za baiskeli zina hiyo bodi ndogo ya ulinzi, kazi yake kukata chaji seli zikizidi au zikishuka sana. Lakini ile ni kinga ya mwisho, haikuwekwa pale ili wewe uchomeke chochote kila siku ukiitegemea. Ni sawa na kushuka mlima bila breki kwa sababu umevaa helmeti. Na kwenye betri za bei chee hujui hata kama hiyo bodi ipo, na ikiwepo hujui kama bado nzima.

Basi nikatoa mita yangu. Nina mita ya digitali ya kawaida, ile ya manjano ambayo kila fundi anayo, bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya betri. Nikaiweka kwenye DC volti 200, chaja ukutani, waya mwekundu nikauingiza katikati ya tundu la pini, mweusi nikaugusisha pembeni kwenye chuma cha nje, taratibu, maana zikigusana umepiga shoti mwenyewe. Namba zikacheza cheza zikatulia kwenye 54.6. Nikamgeuzia fundi mita aone. Akasema "Mita yako inadanganya." Nikapima betri yake ya pikipiki hapo pembeni, 12.7, akanyamaza. Sijui kama alielewa lakini alinyamaza, na mimi nilifurahi kupita kiasi, nakubali.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Seli moja ya kawaida ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, ndo mwisho. Betri ya 36 ina seli 10 zilizofuatana, 10 mara 4.2 ni 42. Kwa hiyo usishtuke ukiona betri imeandikwa 36 na chaja imeandikwa 42, watu wanazirudisha dukani wakidhani wameibiwa, kumbe hiyo ndo yenyewe. Betri ya 48 mara nyingi ina seli 13, ndo unapata 54.6. Ile chaja ya fundi ilikuwa ya 48! Ungeichomeka kwenye yangu na ulinzi usikate, kila seli inasukumwa kuelekea volti 5 na kitu. Na ndani ya seli, kati ya chanya na hasi, kuna karatasi ya plastiki nyembamba kuliko unywele, joto likifika kwenye nyuzi 130 hivi inaanza kuyeyuka, chanya na hasi zikigusana joto linapanda lenyewe bila hata chaja, seli ya kwanza inaipasha ya jirani, na inaendelea hivyo mpaka boksi zima. Kuchomoa waya wakati huo hakusaidii kitu.

(Chaja nyingine ukiipima bila betri inaonyesha sifuri, inasubiri ione betri kwanza. Hiyo sio mbovu, soma stika.)

Niliishia kupata ya 42 yenye ampea 2. Hapo ndo nikaingia kwenye kamchezo ka taima.

Sikutaka kuwa mlinzi wa betri. 10Ah kwa ampea 2 ni kama masaa 5, ongeza kidogo kwa sababu mwishoni chaji inaingia polepole. Nikasema basi, taima ya soketi, ile ya kuzungusha yenye vipini vidogo vidogo pembeni, kila kipini ni robo saa. Nikavibonyeza kuanzia narudi nyumbani mpaka kabla ya kulala, nikajiona injinia. Na ilifanya kazi vizuri tu, tik tik tik, saa ikifika inakata. Mpaka siku niliporudi nikakuta chaja ina taa na sijagusa kitu. Kumbe ile taima inazunguka masaa 24, kesho yake muda uleule inawasha tena, iwe upo au haupo. Betri niliiacha imechomekwa, imejaa, taima ikaja kuiwasha nyumba ikiwa haina mtu. Nikasema sawa, nitakuwa nachomoa. Ukaja umeme kukatika jioni, masaa kadhaa, ukarudi. Sasa hiyo taima inaendeshwa na umeme huohuo wa ukutani, umeme ukilala na saa yake inalala, ukirudi inaendelea pale ilipoachia ikidhani bado ni jioni. Mimi nimelala fofofo, chaja inakula chaji katikati ya usiku, kitu kilekile nilichonunua taima ili kisitokee. Nilicheka asubuhi lakini cheko la hasira.

Dawa yake ni taima ya kuhesabu kurudi nyuma. Unabonyeza masaa unayotaka, ikifika sifuri inakata na haiwaki tena mpaka kidole chako kiende pale. Umeme ukikatika katikati, yangu inajizima moja kwa moja, na hicho ndo nilichokuwa nakitafuta. Ukinunua jaribu na taa kwanza kabla ya betri, iwashe, zima umeme, rudisha, uone inafanyaje, maana nyingine zinajiwasha upya zenyewe. Na naiwekea masaa pungufu makusudi, ikifika asilimia 80 au 90 inanitosha, kuijaza mpaka juu nafanya nikiwa na safari ndefu tu, betri nayo inaishi zaidi.

Mahali nilishahama zamani. Sasa ni kona yenye sakafu ya vigae, ukuta mtupu, hakuna pazia, hakuna nguo, na ni mbali na mlango wa kutokea. Juu yake kuna alamu ya moshi ambayo naibonyeza mara kwa mara kusikia kama iko hai. Jirani mmoja alinishauri niweke betri kwenye boksi la chuma nifunge mfuniko ndo nichaji. Nilijaribu na drili, kila nikigusa betri ni ya moto kuliko kawaida, joto halina pa kwenda. Na ikiharibika kweli inatoa gesi nyingi, gesi yenyewe inawaka na ni sumu, wewe umeifungia ndani ya chuma. Boksi limerudi kubeba spana.

Ukitoka kuendesha usichomeke hapohapo, iache ipoe. Chaja usiifunike. Ukisikia harufu tamutamu ya rangi au tina ya kuchanganyia rangi, au umeona betri imetuna, au inatoa sauti kama ya hewa inayovuja, habari ya kuchaji imeisha. Ikianza kutoa moshi ikiwa kubwa kama ya baiskeli mimi sipigani nayo, natoa watu, nafunga mlango, naita zimamoto. Blanketi halizimi, seli inajitengenezea oksijeni yake humohumo. Na hili la "maji na lithiamu vinalipuka" wanachanganya na lithiamu tupu ya maabara, simu ikishika moto kinachoipoza ni maji, hata wahudumu wa ndege wanafundishwa hivyo. Ikishazimika iweke nje, inaweza kuwaka tena baada ya masaa.

Ile pawabanki ya shemeji baadae ilivimba, bila shaka. Akaniuliza aitoboe na sindano atoe gesi. Shem! Niliichukua nikaiweka nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na kuta, mpaka nilipoipeleka wanakopokea betri mbovu. Kwenye taka za kawaida usitupe, ikiminywa na gari la taka ndo moto wenyewe huo.

Sasa nina betri ya pili, hii ni aina nyingine ya lithiamu, ya fosfeti ya chuma, LFP, na yenyewe wameiandika 36V. Ila hiyo ina seli 12 na kila moja inajaa kwenye 3.65, kwa hiyo chaja yake ni 43.8. Pini zinafanana kwa kila kitu. Ya 42 ukiipeleka kwenye LFP haiidhuru, haitajaa tu vizuri. Kinyume chake ndo balaa, 43.8 kwenye ile ya zamani ni karibu 4.4 kwa kila seli. Nikachukua rangi ya kucha, nyekundu kwenye betri ya zamani na pini ya chaja yake, bluu kwenye hii mpya na ya kwake, nimepaka nene hata gizani unaihisi kwa kidole. Chaja yoyote ukiikuta kwangu haina rangi maana yake bado sijaipima, iache hapohapo.