Alijua niliyachambua usiku

Siku ya tatu leo na maneno yale bado yananizunguka kichwani. Jumamosi, maonyesho ya wakulima, viwanja vya Ipuli, Tabora, meza ya chama chetu cha ushirika. Yule mzee, mteuzi mstaafu, mpanga madaraja ya tumbaku, akachukua shada langu la majani ya tumbaku, akalinusa, akatoka nalo juani. Aliporudi akasema, "Mwanangu, haya uliyachambua usiku."

Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Nikanyamaza.

Ningemwambia nini? Kwamba mchana nilikuwa wodini na Doto, aliyeruhusiwa Alhamisi, na kwamba Baba Kulwa yuko safarini tangu tumuuze yule ng'ombe? Tumbaku haijui hayo. Taa ya sola inafanya rangi ya limao na ya chungwa zifanane. Tangu utoto naambiwa: kuchambua, kutenga majani kwa rangi, ni mchana, kivulini, mwanga ukiwa mweupe. Nilijua.

Na majani yale niliyatunza tangu Machi! Ya katikati ya shina, marefu, hayana doa wala tundu. Hewa ya Urambo Julai ni kavu mno, ukiligusa jani linakatika kama papadi. Nikatandaza magunia yaliyoloa sakafuni mwa bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, nikafunga mlango hadi alfajiri ili majani yalainike. Unyevu ukizidi ni ukungu, kwa hiyo niliamka kila saa kukunja jani kiganjani, nione kama linajikunjua lenyewe huku kikonyo kikivunjika kwa mlio. Nikayanyoosha moja moja pajani, nikayalinganisha urefu, nikafunga kichwa cha shada kwa jani la rangi ileile. Nilidhani ni ileile.

Jana jioni, nikiosha vyombo, ndipo nikakumbuka kwamba yule mzee hakuishia pale. Aliuliza, "Bani ni la nani?" Nikasema langu. Akavunja kikonyo karibu na sikio, akasikiliza, akasema, "Moto wake umetulia."

Nililisahau kabisa hilo! Siku za mwisho za kukausha, bani linataka joto la nyuzi 70 hivi, na moto ukilegea tu, kikonyo kinarudisha unyevu kwenye jani. Usiku wa tano nilikaa mlangoni peke yangu nikisukuma kuni. Hakuna aliyeniona. Yeye aliusikia usiku ule kwenye kikonyo.

Nimelifungua shada asubuhi. Majani matatu yalikuwa ya rangi ya limao. Nimeyatoa, nimelifunga upya uani, mchana, kivulini, Kulwa akinishikia.

Bibi alikuwa barazani akitutazama. Ameniuliza mara mbili Doto ni mtoto wa nani.