Spyder yangu na upepo uliojificha

Porsche 550 Spyder, gari dogo la mbio lisilo na paa, ilipotoka mwaka 1953 ilikuwa na injini ya lita 1.5 inayopozwa kwa upepo, imekaa nyuma ya mgongo wa dereva. Yangu ni nakala: bodi ya faibaglasi, fremu ya mabomba ya chuma, na mgongoni kwangu kuna injini ya Subaru ya lita 2.5. Wapenda vya asili watanuna. Wanune.

Kuifunga kwenye giaboksi hakukunitoa jasho: bamba la kuunganishia, klachi, boliti, jioni mbili basi. Kilichonikondesha ni maji. Injini hii inapozwa kwa maji, na rejeta haina pa kukaa ila mbele, kwa hiyo paipu mbili zinapita chini ya sakafu karibu urefu wote wa gari.

Siku ya kwanza kuwasha, mshale wa joto ulipanda taratibu, ukatulia, halafu ukaruka kama umechomwa sindano. Nikazima. Nikapapasa paipu: moja inaunguza, ya pili baridi kama mtungi. Upepo umenasa humo! Nikainua pua ya gari kwa jeki, nikalegeza skrubu juu ya rejeta. Ikapiga chafya, ikatema mapovu, ikaniloweka shati, kisha maji ya kijani yakaja mfululizo. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Habari za waya sitaki hata kuzianza. Nimepunguza nusu ya fungu zima, na bado kompyuta ya injini inaulizia sensa ya tangi ambayo niliitupa zamani.