Namba ya seneta nyuma ya risiti

Miaka yangu ya mwanzo hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, redio ya umma ikianza kuomba michango nilikuwa nahama stesheni. Wanaoishi huku mnazijua zile wiki: habari zinakatwa, mtangazaji anabembeleza, toa dola kumi kwa mwezi utumiwe kikombe. Nilikuwa nacheka. Mimi nimekulia Tanga na Redio Tanzania. Mzigo wetu ulikuwa betri tu, na zikichoka baba alizianika juani.

Kumbe serikali hapa ilikuwa inatoa, ila kiduchu. Sheria ya 1967, aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson, ndiyo iliyozaa CPB, shirika la kugawa fedha hizo. Ukizigawa kwa vichwa zilikuwa hazifiki dola 2 kwa mwaka. Mwaka 2025 ikaletwa hoja ya kunyang'anya hata zilizokwishapitishwa, dola bilioni 1.1 za miaka miwili. Wakubwa walikuwa na ugomvi na NPR, mtandao wa kitaifa wa redio za umma, eti inapendelea. Sasa NPR yenyewe ilipata moja kwa moja kama asilimia 1 tu ya bajeti yake kutoka huko! Fungu kubwa lilikwenda kwenye stesheni za mikoani, nyingine ziko sehemu ambazo ukiomba michango utawaomba wavuvi wale wale kila mwaka. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

Nikaandika maneno yangu nyuma ya risiti ya duka, pamoja na namba ya ofisi ya seneta, nikapiga kwenye gari kabla ya kuingia zamu. Mama mmoja wa Kikongo ninayefanya naye kazi alikuwa pembeni yangu.

"Dada, sisi wageni. Watatusikia nani?"

"Mimi nimeshaapa uraia, mama. Na simu ni bure."

Kijana aliyepokea aliniuliza jina na msimbo wa posta, akasema atamfikishia. Haikumaliza dakika. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, na mkono ulinitetemeka mpaka nikasoma mstari mmoja mara mbili.

Tarehe 16 Julai, maseneta wakiwa katikati ya kura, tetemeko la 7.3 likapiga pwani ya Alaska na tahadhari ya tsunami ikatolewa. Seneta Lisa Murkowski wa Alaska, Republican kama wenye hoja, akatumia mfano huo huo: redio hizi ndizo zinazowafikishia watu tahadhari. Yeye na Susan Collins wa Maine ndio pekee wa chama chao waliokataa mwishoni. Hoja ikapita, kura 51 kwa 48. Kwetu ilikuwa saa saba usiku imepita, nikiwa kazini namgeuza bibi mmoja kitandani, simu ikatetema mfukoni. Maseneta wetu wote wawili walisema ndiyo.

Trump akasaini tarehe 24. Januari 2026 bodi ya CPB ikapiga kura kulivunja shirika.

Siku hizi natoa hizo dola kumi. Kikombe kimekuja, kizito, mpini haupitishi vidole viwili. Wiki iliyopita yule mama akanipigia: basi la shule limeondolewa mtaani kwao, wanawe wanatembea kwenye theluji.

"Dada, ile namba ya yule mkubwa unayo bado?"

Nikamwambia mambo ya basi hayaendi kwa seneta, yana bodi yao ya shule. Akataka namba ya hao.