Faharasa ipo, lakini PostgreSQL haiitumii

Jedwali letu la malipo, katika hifadhidata ya PostgreSQL, lilikuwa na faharasa (index, inayosaidia kupata mistari bila kusoma jedwali zima) kwenye safu ya tarehe, lakini ripoti ya wiki ilizidi kuchelewa. Niliweka EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha njia iliyotumika, mbele ya hoja (query) ya ripoti hiyo, nikaona Seq Scan: jedwali zima linasomwa toka mwanzo hadi mwisho.

Kwanza nilishuku takwimu. Mpangaji wa hoja, sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuitekeleza, hahesabu mistari. Hukadiria kwa sampuli iliyokusanywa na amri ya ANALYZE. Nikaiendesha upya, makadirio yakakaribiana na idadi halisi. Bado Seq Scan. Kumbe tatizo halikuwa idadi, lilikuwa bei.

Mpangaji hulinganisha gharama za njia mbalimbali, akachagua iliyo nafuu. Kwa kawaida, kusoma ukurasa (kipande cha data kwenye diski) kwa mfuatano ni 1.0 (seq_page_cost), na kuurukia ukurasa wowote ni 4.0 (random_page_cost). Bei hiyo ya pili ni kubwa mno kwa diski za SSD, ambazo hurukia ukurasa wowote kwa wepesi, na yetu ni SSD.

Nikazima enable_seqscan, mpangilio unaoruhusu Seq Scan, kwenye muunganisho wangu peke yake, nikarudia hoja mara kadhaa ili kumbukumbu ya muda (cache) isinidanganye. Faharasa ikatumika na jibu likaja haraka zaidi, ingawa gharama iliyokadiriwa ilikuwa kubwa. Huo ndio ushahidi niliotaka. Tafadhali usiiache imezimwa. Hicho ni kipimo, si dawa.

Dawa ilikuwa kushusha bei ya kurukia ukurasa, kisha kupakia upya mipangilio:

ALTER SYSTEM SET random_page_cost = 1.1;
SELECT pg_reload_conf();

Ripoti ya wiki sasa inapitia faharasa. Ya mwaka mzima bado inasoma jedwali lote, na hapo mpangaji yuko sahihi: karibu kila ukurasa unahitajika.