Pointi nje, elektroniki ndani

Pikipiki ya zamani imebadilishwa leo: kwenye mfumo wa cheche, pointi (swichi ya kimakanika inayokata umeme wa koili) na kondensa yake zimetoka, sensa na sumaku zimeingia.
Imewaka kiki ya kwanza!

Kabla ya kufunga, pima ukinzani wa koili (inayozalisha umeme wa cheche) kwa multimita.
Volti 12 kwenye koili ya omu 3 hupitisha ampea 4. Ikiwa ni omu 1.5, zinafika 8, na moduli (kifaa cha elektroniki kilichochukua kazi ya pointi) inaweza kuungua. Hapa ndipo wengi wanapoua kifaa kipya.

Waya wa ethi upeleke moja kwa moja kwenye betri, maana rangi na kutu ya fremu huzuia umeme.
Plagi ziwe zenye rezista.

Taimingi (wakati cheche inapotoka) malizia kwa taa ya strobu, inayomulika kila cheche ikitoka, injini ikinguruma. Alama inasimama tuli, haichezi kama enzi za pointi. Raha kweli kuitazama!

Yako bado ina pointi? Inasumbua wapi?