Mita ikilia, usiseme bado waya ni mzima

Taa kubwa ya kushoto inawaka kinyonge, ya kulia iko sawa. Balbu imeshabadilishwa mara mbili. Fundi anachomoa soketi, anaweka mita ya umeme kwenye mlio (alama ya kupima kama waya umeunganika), inalia, basi waya unatangazwa mzima. Hapo ndipo siku nzima inapopotelea. Waya wenye nyuzi ishirini za shaba ukibakiwa na uzi mmoja, mita italia vilevile, maana inapitisha umeme kiduchu mno. Balbu ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.6, na mzigo huo ukipita kwenye uzi mmoja, volti zinaishia njiani. Balbu ikipata 10.5 badala ya 12, mwanga unashuka hadi karibu theluthi mbili.

Kwa hiyo pima taa ikiwa imewashwa na soketi ikiwa imechomekwa. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye terminali (kibano cha waya) iliyobanwa juu yake, kwa sababu kutu hukaa katikati ya hizo mbili. Ncha nyekundu ipenyeze kwa nyuma ya soketi mpaka iguse pini ya ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi) ya balbu. Ukisoma 0.1 au 0.2, ethi iko sawa. Ukisoma 1 au zaidi, umeshampata mwizi. Kisha pima upande wa chanya: nyekundu kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyeusi kwenye pini ya chanya ya balbu. Huku vumilia hadi 0.5, kwani njia ni ndefu, kuna fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na soketi kadhaa. Ikizidi, rudi nyuma hatua kwa hatua: pima baada ya rilei, kabla ya rilei, baada ya fyuzi. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye ubovu.

Kuna mtego kwenye Toyota nyingi za zamani, Land Cruiser ya 80 ikiwemo. Taa kubwa zinapata chanya moja kwa moja kutoka kwenye rilei, na swichi ya usukani inakata upande wa hasi. Asiyejua hilo anaunga taa za ziada kama alivyozoea, halafu anashangaa zinavyofanya vituko. Kwenye Toyota hizo hizo, waya mweupe wenye mstari mweusi kwa kawaida ndiyo ethi. Ufuate mpaka bolti ulipofungwa, mara nyingi ya spana namba 10.

Ethi ndiyo inayosumbua kuliko kitu kingine chochote kwenye gari la miaka ishirini na kuendelea, na kwa magari ya pwani chumvi inamaliza kazi. Dalili zake zinachekesha: unakanyaga breki, indiketa inamulika hafifu, unawasha indiketa, taa ndogo nazo zinacheza pamoja nayo. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi, unarudi kinyumenyume kupitia balbu jirani. Usianze kubadilisha rilei ya indiketa. Fungua bolti ya ethi, piga msasa bodi na kichwa cha waya mpaka chuma king'ae, rudisha pamoja na washa (pete ya bolti) yenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi ikitangulia na rangi ikabaki chini yake, hujafanya kitu.

Usisahau mkanda wa ethi kati ya injini na bodi. Ukikatika, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa kebo ya kikanyagio cha mafuta au ya klachi. Kebo inayopata moto wakati wa kupiga stata inakuambia waziwazi.

Fyuzi inayoungua kila ikibadilishwa ni shoti, na dawa yake si fyuzi kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara. Fyuzi nyekundu ni ampea 10, ya bluu 15, ya njano 20. Anayetoa nyekundu akaweka njano ameuambia waya uungue badala ya fyuzi. Chukua balbu ya wati 21, iunge vipande viwili vya waya, chomeka mahali pa fyuzi. Zima au chomoa vifaa vyote vya saketi hiyo. Shoti ikiwepo balbu inawaka kwa nguvu zote, lakini haipitishi zaidi ya ampea mbili hivi, hivyo hakuna kinachoungua. Sasa tikisa nyaya, kipande kwa kipande. Balbu ikizimika mkono wako uko penyewe.

Kwenye magari yenye mlango wa nyuma wa kunyanyua, anzia kwenye mpira wenye mikunjo karibu na bawaba. Uvute utoke, kisha vuta kila waya taratibu kwa vidole viwili. Waya mzima hauvutiki. Uliokatika ndani unavutika kama mpira, kwa sababu ni plastiki tupu iliyobaki; shaba ilishakatika kwa kukunjwa kila mlango ulipofunguliwa.

Betri inayokufa gari likiwa limelala ni kazi ya mita kwenye tundu la ampea 10, kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Funga milango na usiguse ufunguo wa stata, la sivyo fyuzi ya mita itaungua. Gari la zamani lenye saa na redio linatakiwa kusoma chini ya miliampea 50. Likivuta 400, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi limekula ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya 45. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Zikiisha zote na namba iko palepale, shuku dayodi za alteneta (vizuizi vya umeme kurudi ndani ya kichaji hicho cha betri): tenga betri, fungua waya mnene wa alteneta, ufunge utepe, unganisha mita upya. Redio iliyoungwa na mtu wa barabarani ipimwe ya kwanza kabla ya hayo yote.

Kuunga. Kata shaba iliyogeuka nyeusi mpaka ufikie inayong'aa, hata kama ni sentimita kumi. Menya milimita 8, vika kwanza mpira wa kusinyaa kwa joto (kila mtu huusahau), bana kwa kiungio na koleo lake. Risasi ya kulehemu inafaa pasipotikisika. Kwenye bawaba inaufanya waya ukakamae na kukatika pembeni mwa kiungo. Waya wa nyumba wa uzi mmoja usiuingize garini kabisa, mtetemo utaukata. Viungo visipangane mahali pamoja, achanisha kwa sentimita nne, na kwenye mlango wa nyuma vikae nje ya mkunjo, ndani ya bodi au ndani ya mlango. Ukimaliza, mtu akanyage breki huku wewe unafungua na kufunga mlango mara kumi, macho kwenye taa.