Kipimo cha tangi kinachotuma taarifa: jukwaa lichaguliwe vipi

Tangi la lita 5,000 juu ya mnara wa zege, nyumba ya kupanga, Tandika au Kayole. Mwenye nyumba anataka kujua mambo mawili: maji yamebaki kiasi gani, na yakikaribia kwisha apate taarifa kabla wapangaji hawajaanza kupiga simu. Kifaa kinachomjibu ni kidogo, lakini kinapitia kila uamuzi unaowasumbua watengenezaji wa vifaa vya intaneti: chipu, umeme, njia ya mawasiliano, seva, na namna ya kubadilisha programu baada ya kifaa kufungwa juu kule. Ndiyo maana nitakitumia kama mfano hadi mwisho.

Wengi huchagua jukwaa, yaani seva na programu zinazopokea na kuonyesha vipimo, kwa kutazama ukurasa wa grafu: upi unapendeza, upi una rangi nzuri kwenye simu. Grafu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuibadilisha. Mimi kipimo changu ni kimoja: siku ukilazimika kuhamisha vifaa 300 kwenda seva nyingine, je, utahitaji kupandisha fundi kwenye minara 300?

Kabla ya hapo, piga hesabu. Kifaa kikipima kila robo saa na kutuma papo hapo, ni jumbe 96 kwa siku, 2,880 kwa siku 30. Ujumbe wenye namba ya kifaa, saa, kina cha maji na hali ya betri unatosha kwenye baiti 100, kwa hiyo mwezi mzima ni kilobaiti 288 tu. Lakini kifaa kinacholala na kuamka hufungua muunganisho mpya kila mara, na salamu za TLS, yaani ulinzi unaosimba mawasiliano, pamoja na kubadilishana vyeti, hula takriban kilobaiti 5 kila zinapofanyika. Zidisha mara 2,880: zaidi ya megabaiti 14 kwa mwezi, mara hamsini ya taarifa yenyewe. Kwa kifaa kimoja hilo halionekani. Kwa vifaa 300 kila kimoja na laini yake, bando linaamua kama biashara ipo au haipo.

Dawa yake ni kupima kila robo saa, kuhifadhi kwenye kumbukumbu, na kutuma vipimo vinne kwa pamoja kila saa. Miunganisho inashuka hadi 720 kwa mwezi, na data hadi karibu megabaiti 4. Weka sharti moja tu la dharura: maji yakishuka chini ya asilimia 20, tuma hapo hapo.

Kwenye kihisi nitakaa kidogo, maana seva bora kuliko zote haiwezi kusahihisha namba mbovu. Kihisi cha mawimbi ya sauti cha JSN-SR04T ni rahisi na kinavumilia unyevu, lakini hakioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25. Ukikifunga usawa wa mfuniko, tangi likijaa kitatoa namba za ovyo. Kiinue kwa kipande cha bomba pana. Mvuke ukiganda kwenye uso wake asubuhi, nako kunaleta vipimo vya uongo, hivyo soma mara saba na uchukue namba ya katikati, usichukue wastani. Halafu kuna joto: kasi ya sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tangi jeusi likitoka nyuzi 20 alfajiri hadi 40 mchana, umbali wa mita 2 unakosewa kwa karibu sentimita 7. Ongeza kihisi cha joto ndani ya tangi na ufanye masahihisho kwenye programu. Usisahau pia kwamba kihisi cha sauti kikipewa volti 5, waya wake wa mwangwi nao hutoa volti 5, ilhali pini za ESP32, chipu yenye Wi-Fi inayoendesha kifaa chetu, ni za volti 3.3. Gawanya volti hizo kwa vipingamizi viwili, kilo-omu 1 na kilo-omu 2.

Kwa tangi kubwa la shule au hospitali ningelipa zaidi na kuweka kihisi cha presha kinachozama, chenye mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Pitisha mkondo huo kwenye kipingamizi cha omu 150, upate volti 0.6 hadi 3.0, usome kwa ADS1115, chipu ya kugeuza volti kuwa namba, kwa sababu kipimo cha volti cha ndani ya ESP32 hakinyooki. Faida kubwa ni kwamba tangi tupu hutoa miliampea 4, na waya uliokatika hutoa sifuri. Tangi tupu na waya mbovu ni habari mbili tofauti, na mwenye nyumba anastahili kuambiwa ni ipi.

Umeme ndio unaoua miradi mingi ya betri. Karatasi ya vipimo ya ESP32 inasema chipu ikilala usingizi mzito hutumia takriban mikroampea 10. Ni kweli kwa chipu. Bodi ya kujifunzia ina taa ya umeme, chipu ya USB na kidhibiti cha volti kama AMS1117, na vyote hivyo havilali. Chukua bodi inayokula miliampea 10 ikiwa imelala: hiyo ni miliampea-saa 240 kwa siku. Kazi yenyewe, hata ukituma kila robo saa, yaani kuamka mara 96 kwa sekunde 5 kwa miliampea 120 za Wi-Fi, ni 16 tu. Betri ya miliampea-saa 2,600 itaisha kwa siku 10. Chipu ile ile kwenye bodi iliyosanifiwa vizuri, yenye kidhibiti kinachotumia mikroampea chache, ingeenda karibu siku 160. Kwa hiyo usipime umri wa betri kwenye bodi ya mezani ukadhani umeipima bidhaa.

Njia ya mawasiliano huamuliwa na mahali. Wi-Fi ni rahisi kama mwenye nyumba ana ruta na mnara uko karibu, lakini atabadilisha nywila siku moja bila kukuambia. Kifaa lazima kiweze kufungua mtandao wake mdogo ili mtu aingize nywila mpya kwa simu akiwa chini, bila kupanda. ESP32 ya kawaida pia haioni Wi-Fi ya gigahezi 5, na ruta nyingi mpya huunganisha majina ya mitandao yote miwili.

Kwa laini ya simu, moduli ya SIM800L inapendwa kwa bei yake, na matatizo yake mengi yana mzizi mmoja. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi sana. Ukiilisha kutoka kwenye pini ya bodi, volti inaporomoka, moduli inajizima na kuwaka upya, nawe unaulaumu mtandao. Ilishe kwa waya mnene na mfupi kutoka kwenye betri ya lithiamu, na uweke kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu yake. Hata hivyo, kwa bidhaa mpya nisingeichagua. Inajua 2G tu, na 2G inazimwa nchi moja baada ya nyingine; AT&T ya Marekani ilizima yake mwanzoni mwa 2017. Kwetu bado ipo, lakini kifaa cha tangi kinatakiwa kiishi miaka mingi. Moduli kama A7670E hutumia LTE na kurudi 2G pale LTE isipofika. Hakikisha bendi zake zinalingana na za kampuni ya simu unayoitumia, na ulizia kibali cha kifaa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA Tanzania au CA Kenya, kabla ya kuagiza kontena.

LoRaWAN, redio ya masafa marefu yenye kasi ndogo, nitaipita haraka. Ni nzuri shamba likiwa na matangi mengi mahali pamoja na geti moja la kukusanya. Kumbuka tu kwamba kwenye mpangilio wa Ulaya wa megahezi 868, kasi ya chini kabisa inabeba baiti 51 kwa ujumbe. JSON, yaani taarifa iliyoandikwa kwa maneno na namba za kusomeka, haitoshi humo. Funga namba zako kwenye baiti 6 au 8. Programu mpya nayo haipiti kirahisi kwenye njia nyembamba hivyo.

Sasa seva. Kwa vifaa vichache hadi mamia kadhaa vinavyotuma kila saa, Mosquitto (programu ya kupokea jumbe) pamoja na hifadhidata na Grafana (ya kuchora grafu) kwenye seva ndogo ya kukodi inatosha kabisa. Ukitaka wateja wengi, kila mmoja aone matangi yake tu, ThingsBoard imeshafanya kazi hiyo, na toleo lake la jamii ni huru. Ipe kumbukumbu ya gigabaiti 4. AWS IoT Core, huduma ya Amazon, hukuondolea kazi ya kulinda seva usiku, na hutoza kwa idadi ya jumbe, huku kila kilobaiti 5 zikihesabiwa ujumbe mmoja. Kutuma vipimo vinne pamoja kunaokoa hapo pia. Mimi ningeanza na MQTT ya kawaida, lugha ya vifaa kutumiana jumbe fupi na seva, popote pale, kwa sababu zote tatu huielewa.

Makosa ya upande huu yanajirudia. Vifaa viwili vikipewa jina moja la mteja wa MQTT, kimoja kikiingia seva inamtoa mwenzake, naye anarudi na kukitoa cha kwanza, bila kukoma. Tumia namba ya kipekee ya chipu. Kifaa kinachowaka bila saa hudhani ni mwaka 1970, kwa hiyo kinakataa cheti cha seva kwa kuwa bado hakijaanza kutumika. Chukua saa kwanza, kisha ndipo ufungue TLS. Na umeme ukirudi mtaa mzima, vifaa vyote hukimbilia seva kwa sekunde ile ile. Kila kimoja kisubiri muda wa nasibu, sekunde 0 hadi 120, na kikishindwa kiongeze maradufu muda wa kusubiri. Cheti nacho kiwe kimoja kwa kila kifaa. Ukitumia kimoja kwa vyote, kifaa kimoja kikiibwa utalazimika kuvibadilisha vyote.

Turudi kwenye kuhama. Google ilitangaza mwaka 2022 kwamba inafunga Cloud IoT Core, huduma yake ya kuunganisha vifaa kama hivi, na ikaifunga tarehe 16 Agosti 2023. Wateja walipewa mwaka mmoja. Aliyekuwa ameandika anwani ya Google ndani ya programu bila njia ya kuibadilisha kwa mbali alikuwa na kazi ya ngazi. Nunua kikoa (jina la intaneti) chako mwenyewe, na kifaa kiijue anwani hiyo tu. Usiandike ndani cheti cha seva yenyewe; vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, vimekuwa vya siku 90. Weka cheti cha mzizi, yaani cha mamlaka inayothibitisha vyeti vya seva, tena viwili, kwa sababu hata mizizi hukauka: DST Root CA X3 iliisha tarehe 30 Septemba 2021, na vifaa vya zamani vilivyoutegemea mzizi huo pekee vikashindwa kuunganishwa.

Programu ya kifaa nayo ibadilishwe kwa mbali tangu kifaa cha kwanza kabisa. ESP32 ya megabaiti 4 inaweza kugawanywa iwe na nafasi mbili za programu: mpya inaandikwa upande wa pili, inawaka, na isipofika kwenye seva kifaa kinarudi kwenye ile ya zamani. Sharti la kufika kwenye seva ndilo muhimu. Programu inaweza kuwaka vizuri huku ikiwa imevunja mawasiliano, na hapo umekipoteza kifaa. Faili la megabaiti 1 kwa 2G ya kilobiti 30 kwa sekunde huchukua kama dakika nne na nusu, hivyo lipakuliwe vipande vipande, na likikatika liendelee lilipoishia.

Kabla ya kuagiza bodi mia, fanya jaribio la wiki mbili kwa vifaa vitatu vilivyofungwa nje, juani. Wiki ya kwanza vitume kwenye jukwaa ulilolichagua. Siku ya nane elekeza kikoa chako kwenye seva nyingine, tuma programu mpya, kisha zima seva ya zamani na ukate umeme wa vifaa vyote vitatu kwa saa sita. Umeme ukirudi, angalia kama vyote vimefika upande wa pili vikiwa na vipimo vilivyohifadhiwa, na saa zake sahihi. Kama hata kimoja hakikufika, usiagize kitu mpaka ujue kwa nini.